Kopo la Minti

Singano, mtoto wa dada, kaniundia dude
ndani ya kopo la pipi za minti:
betri ya volti tisa, chipu yenye miguu minane kama buibui,
na kitufe cha kuzungusha
alichokinyofoa kwenye redio iliyokufa.
"Amplifaya, Mjomba. Ya mfukoni."
Ukilifungua, bado linanukia minti.

Masikio yangu niliyaacha korona,
miaka kumi na tisa mbele ya mashine ikikwangua mkonge.
Nilichotoka nacho ni makombo.
Watu huniita mara tatu,
mara ya nne hunigusa bega.

Singano kaihamishia kwenye simu ile kanda,
harusi ya Chuda, mwaka sabini na tisa,
kanda niliyoirudisha kwa kalamu ya Biki
mpaka meno yake yakalegea.
Tulikuwa saba. Mimi fidla, Hoza dumbaki.
Wimbo wa tatu, baada ya ubeti wa pili,
pana mahali fidla na ngoma huingia pamoja.
Usiku ule hatukuingia pamoja.
Bi harusi alicheka, na shela lake.

Nikasema: Hoza kachelewa.
Hoza akasema: fidla imetangulia.
Tukalisema hilo njiani, tukalisema mazoezini,
kikundi kikafa, sisi tukalisema kila mtu kwake.
Msibani tulipeana vichwa tu,
mikono haikuonana.

Jana usiku nikavaa hedifoni, nikawasha.
Taa nyekundu, ndogo kama jicho la panya.
Kwanza mchakacho, mchele unapepetwa mbali.
Nikazungusha.
Kijiko kikagonga glasi.
Mtoto akalilia soda, ya chungwa, si ile.
Mtu akakohoa.
Na Mwanamtama, aliyetangulia mbele ya haki,
akavuta pumzi kabla ya kuimba.
Pumzi ile sikuisikia hata siku yenyewe,
nami nilikaa naye kiwiko kwa kiwiko.

Halafu pale mahali pakaja.
Nikausikia upinde wangu ukigusa uzi.
Mapema.
Si sana. Nusu ya kupepesa jicho.
Nikarudisha. Mapema.
Nikarudisha mara kumi na moja,
nikiomba buibui wa Singano awe ndiye mwongo.
Dumbaki lilikuwa pale pale linapostahili,
msumari ukutani.
Mimi ndiye niliyeingia
kabla hodi yangu haijaitikiwa.
Nikapunguza sauti. Kosa halikupungua.

Asubuhi nikapanda baiskeli,
kopo mfuko wa shati, linanigonga kifuani,
Barabara ya Kumi na Nane, nyumba ya mlango wa buluu.
Hoza anachambua choroko kwenye ungo.
Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno.
Yote yakabaki kwenye pedali.
Nikampa hedifoni.
Akazivaa kinyume, ya kushoto kulia,
nikaziacha hivyo hivyo.

Kidole chake kikaanza kupiga paja.
Nikakitazama kidole, sikumtazama yeye.
Ubeti wa kwanza. Wa pili.
Pale mahali pakafika, nikajua kwa kidole:
kilipiga, kikasimama hewani,
choroko moja kakishikilia kama ushahidi.

Nikangoja deni lisomwe, miaka yake na riba yake.
Hoza akainua macho.
"Nani huyu anakohoa?"
Akapiga kelele, kama wapigavyo waliozibwa masikio.
Nikasema sijui.
"Rudisha!"
Nikarudisha.
Safari hii mkono wake mwenyewe ukashika kitufe,
ukaongeza, ukaongeza tena,
taa nyekundu ikaanza kusinzia,
naye akafumba macho na kuutangazia mtaa mzima,
hadi mke wake akatoka uani na mwiko:

"Fidla tamu hiyo!"

Sijui alinicheka, sijui alinisamehe.
Betri ikaisha kabla sijamuuliza.
Nikaingia dukani kwa Mpemba, nikanunua mbili.