Kutambuliwa

Baba yangu alipiga chapa barua arobaini na moja
kwa marais na wafalme ambao hakuwahi kuwaona,
ghorofa ya pili, ofisi ikinuka rangi mbichi,
Lubumbashi ikiitwa bado kwa jina la malkia wa watu wengine.
Bendera ilikuwa mpya, misalaba mitatu ya shaba,
na mshonaji wa Kamalondo aliyezishona zile za kwanza
alidai mpaka anakufa kwamba hakulipwa.

"Mheshimiwa, nina heshima kubwa kukuarifu
kwamba tangu tarehe kumi na moja Julai nchi yetu ni huru.
Tunaomba uitambue."
Nakala nne kwa kila barua. Kaboni ilimwachia vidole vya buluu,
naye akienda kula bukari kwa watu
alinawa kidogo tu, makusudi, ili waone.
Mtaani walisema: huyu ndiye anayeiandikia dunia.

Dunia haikujibu.

Ndege ilitua Jumanne, mfuko wa posta ukafunguliwa mezani:
katalogi za mitambo ya kuchimbia, magazeti ya juzi, bili.
Mara moja tu, kutoka ufalme fulani wa baridi,
karatasi nzito yenye taji:
"Barua yako imepokelewa."

Wakubwa waliikalia sentensi ile siku mbili.
Imepokelewa na nani, mfalme au tarishi?
Anayepokea barua, si amekiri
kwamba upande wa pili kuna mkono?
Mshauri mmoja Mzungu, kola imelowa jasho,
akasema: hapana, mabwana.
Hata mvua hupokelewa na paa.

Mwaka uliofuata nikazaliwa mimi,
si nyumbani kwake.
Mama yangu, Adela Kisimba, aliuza samaki wakavu wa Kasenga
kando ya reli. Alikwenda kwa mwandishi wa barua
aliyekuwa akikaa mbele ya posta na meza yake ya kukunja,
akalipa, akasema: andika kwa mtindo wao.

"Mheshimiwa, nina heshima kubwa kukuarifu
kwamba tangu tarehe tatu Machi yuko mtoto wa kike.
Ana mipaka yake, ana sauti,
usiku anatawala nyumba nzima.
Tunaomba umtambue."

Siku nane zikapita. Mvulana wa ofisi akaleta karatasi,
chapa safi, herufi R imeinama
kama ilivyokuwa kawaida ya mashini ile:
"Barua yako imepokelewa."

Mama hakulia. Aliikunja mara nne
akaisukumia chini ya kabati, kwenye mguu mfupi.
Mpaka leo kabati lile halitikisiki.

Nchi ikaisha mwezi wa Januari.
Mimi nilikuwa nimeshajua kutembea.
Wanasema alichoma nakala zote uani, usiku,
na asubuhi akaenda kuomba kazi kwa waliokuja.

Nilimwona mara tatu maishani.
Mara ya pili aliniuzia stempu dirishani,
hakuinua macho. "Ya kwenda wapi?"
Nikasema, ya hapahapa.

Mara ya tatu waliniita hospitali,
kwa kuwa wanawe wa ndoa walikuwa Ndola na Ubelgiji
na mochwari haisubiri visa.
Umeme ulikuwa umekatika. Mlinzi akafunua shuka,
akashika tochi kwa meno, akaitoa ili aulize:
"Unamtambua?"

Vidole vilikuwa safi kabisa.
Nikanyamaza muda mrefu,
kama serikali.
Kisha nikasema namtambua.

Karani akanisogezea fomu, kalamu imefungwa kwa uzi.
Jina. Umri. Mtaa.
Mstari wa nne: uhusiano na marehemu.
Nyuma yangu foleni ilikuwa ikikohoa.
Nikauliza kama naweza kuuacha wazi.
"Wazi hapana, mama," akasema.
"Wakubwa hawapokei."