Daftari la Mzee Verlyn

Tumeshinda, lakini ungeingia asubuhi hii
mkahawani kwa Rozella
ungedhani tumetoka kuzika.
Thelathini na nane kwa thelathini na moja,
na vijiko vinazunguka vikombeni
kama vinatafuta kitu kilichodondoka.

Dwight wa ghala la mahindi hakungoja mayai yake.
"Kurusha, kurusha, kurusha. Mpira si njiwa!"
Anapanga vifurushi vitano vya sukari, huo ndio ukuta;
kidude cha chumvi nyuma yake, huyo mkimbiaji;
anatuonyesha chuo chetu kilivyocheza enzi zile:
mabega, matope, yadi tatu,
tena yadi tatu, tena nne za kutoa roho,
na saa ikicheua taratibu kama ng'ombe.
Ukuta wa sasa, anasema, umeachana nafasi
kama majirani waliogombania mpaka.

Colleen hataki kusikia.
Mpwa wake ndiye namba themanini na nane,
jana kadaka mara tisa.
"Msimu mzima uliopita alichodaka ni mafua."

Kocha mpya wa mashambulizi ana miaka thelathini na moja,
hana kofia, hana kitambi,
na kando ya uwanja vijana wake huinua mabango ya picha:
bata, trekta, kikaango,
bibi fulani mwenye miwani.
Mchungaji Lindqvist ameshafanya utafiti:
kikaango ni danganya toto,
anayeamua ni bata.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Haya, mgeni kaja.
Mwenyeji bado anapimwa joto.

"Jaribio la tatu, imebaki yadi moja," Dwight anauliza,
"tulikimbia na mpira hata mara moja?"
"Mara nne," anasema Colleen.
"Hata moja!"
Basi shingo zote zikamgeukia baba yangu.

Tangu mwaka sabini na nne anaandika kila mchezo kwa penseli:
mstari kwa waliokimbia, upinde kwa waliorusha,
msalaba mdogo kwa aibu.
Daftari hilo limemaliza ubishi wa watu wazima,
limerudisha hela za dau,
na mara moja liliokoa ndoa.

Akalifungua.
Robo ya kwanza, alama zimekaa sawa
kama mbegu zilizopandwa kwa mashine.
Robo ya pili zinaanza kulala.
Ya tatu: upinde, upinde, mstari ulioishia njiani.
Ya nne ni karatasi.

Nilikuwa kando yake, safu ya arobaini na moja.
Niliona penseli ikishuka
na vijana tayari wamejipanga upya, mpira umeshatoka,
na mkono wake wa kulia, huu unaotetemeka tangu Machi,
bado unatafuta mahali pa kuanzia.
Nikajifanya namenya karanga.

"Hawaandikiki," anasema Baba. "Wana kasi."

Dwight angeweza kusema, mnaona?
Hakusema. Alianza kurudisha sukari bakulini,
kifurushi kimoja kimoja.
Rozella akaja kujaza vikombe vilivyojaa.

"Ila ile ya mwisho niliiona," Baba akaendelea.
"Miaka yote hii, mpira ukiwa juu
mimi nimeshainama, nawahi kuandika.
Jana nilikuwa nimeweka penseli chini.
Niliufuata mpaka mikononi mwake.
Colleen, yule kijana alianza kucheka
kabla haujafika."

Colleen akatazama dirishani, kwenye maegesho,
ambako hakukuwa na kitu cha kutazama.

"Basi tatizo ni ulinzi," akasema Dwight.
"Thelathini na moja! Nyumbani kwetu!"
Ulinzi! Meza nzima ikapumua,
chumvi ikarudi katikati, mayai yakaitishwa upya.

Garini alinipa ile penseli, imetafunwa kichwani.
"Jumamosi utaandika wewe. Mimi nitakutajia."
Nikawasha gari. Upepo wa Dakota ulikuwa unasukuma milango.
"Na mabango usiandike," akasema.
"Hata bata."