Kama Ilivyo

Mwalimu Mbeleje alisema: tafuta kiima kwanza,
kilichobaki ni vumbi.
Akapuliza meza yake, kana kwamba sisi wa Chang'ombe
hatujui vumbi ni nini.

Swali la kumi na saba.
*Mzigo wa zabibu za wakulima wa Hombolo
waliosubiri lori tangu alfajiri zimeoza.*
Nafuta lori kwa penseli. Nafuta alfajiri.
Nawafuta wakulima, wanisamehe,
mmoja wao ni baba mdogo
na lori lile kweli halikuja.
Nafuta hata zabibu, na utamu wake.
Pale, peke yake kama gunia lililosahauliwa stesheni,
umebaki mzigo.
Umeoza.
Chaguo D. Dakika moja na sekunde kumi.

Mchana nachapa barua za watu dukani, Jamatini,
shilingi mia tano ukurasa, makosa nawaondolea bure.
*Mtu ambaye aliyeleta maombi haya*:
hapo warejeshi wawili wanagombea mlango mmoja,
mmoja arudi kwao.
*Kila watu*: watu watoke, abaki mtu.
*Lisaa limoja*: nalikata kichwa, inabaki saa,
na foleni bado ni ileile.

Ugonjwa huu sasa unanifuata mpaka barabarani.
Kibao cha Mama Nyemo: KUKU YA KUKAANGA IPO.
Nilisimama juani na daftari kwapani.
Kuku ni kiumbe, aandikwe *wa*, aandikwe *yupo*.
Lakini aliyekwisha kuingia kwenye mafuta
bado ana haki ya *yupo*?
Mama Nyemo akaniuliza kama nanunua au nasoma.

Usiku, luku imebaki uniti mbili.
Karatasi hizi ni nakala ya nakala,
swali la arobaini na moja limefifia hadi unalisoma kwa kukisia.
Simu inatikisika juu ya godoro.
Ni mama, kutoka Mvumi, herufi ndogo, nukta hakuna:

*ngombe imezaa ndahani anapenda danga nimemwekea*

Kalamu ilinyooka yenyewe.
*Ng'ombe amezaa.* Nukta. Herufi kubwa.
Kisha nikafika kwenye jina la kaka yangu, nikakwama.

Alikwenda machimboni mvua ya mwaka juzi.
Mwanamke wa kwenye simu husema *haipatikani*.
Hasemi haikupatikana, hasemi haitapatikana.
Wakati uliopo, kila ninapopiga,
kwa sauti safi ya mtu asiyewahi kufeli.

A. anapenda
B. alipenda
C. angependa
D. angalipenda
E. atapenda

Tafuta kiima kwanza. Kiima ni Ndahani.
Basi mtafuteni.

B naijua. Shangazi huitumia msibani kwa wengine
na mama hutoka nje kuangalia kuni.
D ina mlango uliofungwa kwa ndani.
E ni ya mchungaji, huileta Jumapili, huondoka nayo.
Saa inakwenda, nimeshapita dakika moja na nusu,
na dang'a haikai, mama anajua, kesho itaganda kwenye kibuyu,
atamwaga, atamwekea nyingine.

Kanuni ya karatasi hii, ukurasa wa kwanza:
chaguo A ni sentensi yenyewe, haijaguswa.
Wengi huiogopa, alisema Mbeleje.
Wanadhani ukiitwa kusahihisha
ni lazima ubadili kitu.

Nimetia duara kwenye A.
Duara limekaa vibaya, kama yai.

Halafu nikamjibu mama, kabla uniti hazijaisha:
*imezaa dume au jike*