Kisanduku cha Aina

Siku ya chanjo, Uvinza, uwanja wa shule ya msingi.
Daktari ana kiti. Mimi nimekalia kreti la soda,
na daftari la serikali lina safu tano:
Namba. Mwenye mbwa. Jina la mbwa. Aina. Sahihi.

Safu ya nne haikunisumbua tangu asubuhi.
"Andika shenzi," alisema Daktari Gwimo bila kuinua macho,
nami nikaandika shenzi, shenzi, shenzi,
nikachoka, nikaweka alama za kama-hapo-juu:
vidoti viwili viwili vikashuka ukurasa mzima
kama nyayo.

Wameletwa kwa kamba za katani, kwa waya wa simu,
mmoja kwa mkanda wa suruali, na mwenye mkanda
ameishika suruali kwa mkono wa pili.
Wanabweka. Wanabwekeana. Wanalibwekea behewa la chumvi
lililosimama relini tangu juzi bila kumkosea mtu.

Saa sita akaja Nyabenda, mwinda ndezi
wa ng'ambo ya Malagarasi, na mbwa asiyefungwa.
Mwekundu wa tofali la kuchoma, soksi nyeupe miguu yote,
mkia umeviringwa kiunoni kama ngata ya mbeba maji,
masikio wima, kipaji kimejaa makunyanzi
kama mtu aliyesomewa deni asilolikumbuka.
Aliliona tope la mvua ya jana, akalizunguka.
Akaketi. Akajilamba ukucha mmoja mmoja, kama paka.

"Jina?"
"Waseme."
Foleni ikacheka. Waseme mwenyewe
hajabweka tangu azaliwe.

"Bibi yake," akasema Nyabenda, "tulivuka naye ziwa
kutoka Kongo, usiku, kati ya masufuria,
mimi nikiwa mtoto wa kubebwa.
Mama alinifunga mdomo kwa kitenge.
Yeye hakufungwa. Boti la askari lilipita karibu,
tochi ikapapasa maji, na yeye akaitazama tu.
Mbwa mwingine angetuuza kwa mbweko mmoja."

Hakuna aliyecheka tena, ila
mtoto mmoja aliuliza kama anauzwa.

"Huyu? Ukimwita, huja akishafikiri.
Jike lake huzaa mara moja kwa mwaka, si mbili.
Porini namvika njuga ya mti,
maana bila njuga ni kivuli kinachonusa,
utamsubiri mpaka magharibi
kumbe yuko nyuma yako, amekaa juu ya ndezi."

Chini ya boksi la barafu daktari ana kitabu cha picha,
kimekuja na msaada wa dawa. Nikakifungua.
Yupo yule wa kusini, manyoya ya mgongo yamegeuka
mstari mzima kuelekea kichwani, aliyezoea kumsumbua simba.
Yupo yule wa jangwani, mbavu nje, miguu fito,
mlinzi wa mahema na mbuzi.
Halafu, ukurasa mzima, kwa rangi: Waseme.
Ngata ileile. Makunyanzi yaleyale.
Na juu yake, kwa herufi nene: BASENJI.

Nikalisoma polepole. Ba-senji.
Neno letu lilelile la kufukuzia watu mlangoni,
limetoka hapa likiwa peku,
limerudi na suti, na bei, na cheti cha ukoo.

"Daktari, huyu niandike nini?"
"Shenzi. Mshike kichwa."

Sindano ikaingia. Hakubweka.
Ilitoka sauti nisiyoijua:
ilianza chini kama mlango wa ghala,
ikapanda, ikakatika, ikapanda tena
kama msichana anayejifunza kigelegele nyuma ya nyumba
asisikike.
Mbwa wote wa Uvinza wakanyamaza.
Hata mwenye suruali alisahau kushika.

Usiku, kwa taa ya simu, nikihesabu chupa na majina,
niliona kosa. Namba sitini na moja:
Jina la mbwa, vidoti viwili.
Aina: Waseme.
Na daktari ameshatia sahihi, na muhuri umekauka.

Nimetafuta kifutio.
Sikukitafuta sana.