Tatu na Tisa Tano

Nililinunua Kisumu, nyuma ya nyumba ya mjane Awiti,
kuku wakilala kwenye kiti cha nyuma,
yai moja ndani ya kisahani cha majivu.
Galanti nyeupe ya mwaka tisini na mbili,
turbo, magurudumu yote manne yakivuta,
na kilomita laki mbili na ushee
alizoziacha marehemu, dereva wa mashindano
ambaye hakuwahi kushinda.
"Alikuwa wa nne," mjane aliniambia,
"wa nne kila mara. Lipa, uondoke nalo.
Yai niachie."

Miaka kumi na minane sasa.
Nimepima mahindi ya watu kwenye ghala la Nakuru,
gunia kwa gunia, nikiandika tarakimu,
na mshahara wangu umetokea mle mle
utokeamo moshi.
Gasketi. Klachi. Gasketi tena.
Fundi Mukhwana pale Shabab
huijua sauti kabla sijakata kona;
huinuka, hufuta mikono, hucheka:
"Mgonjwa wetu leo kaja kwa miguu yake!"

Rangi ya boneti imebabuka kama ukoko,
mlango wa kushoto hufunguka kwa kubembelezwa,
na mshale wa mafuta ni mwongo anayejulikana mtaa mzima.
Wenzangu wana magari yanayonong'ona,
yenye vioo vinavyojikunja vyenyewe.
Huniuliza: Cheruiyot, hilo utalizika lini?
Siwajibu. Hawajawahi kulisikia
saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Njoro,
linapokohoa mara mbili, likasita,
halafu likakumbuka lilikuwa nani.

Kuna kitu kwenye mzunguko wa elfu tatu na mia tano.
Kabla ya hapo ni mzee anayetafuta miwani.
Baada ya hapo, filimbi ndogo, nyembamba,
kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema kweli,
na mgongo wako unakutana na kiti,
na mlima unaacha kuwa mlima.

Jumapili iliyopita nilimpa Jelagat usukani.
Ana miaka kumi na tisa, mikono ya mama yake,
na leseni ambayo bado inanukia plastiki.
Nilikuwa nimepiga hesabu usiku:
laki nne itatukuta kabla ya Mau Summit.
Nikabeba soda mbili.

Salgaa tukayapita malori, moja, jingine, jingine,
gia ya tatu, bila papara.
Sachang'wan akapunguza mwendo bila kuambiwa;
pale hatupiti kwa kelele.
Kisha ukungu, misonobari, barabara tupu.
"Baba, sasa?"
"Sasa."

Filimbi ikalia. Naye akihesabu kwa sauti:
mia tisa tisini na saba,
mia tisa tisini na nane,
mia tisa tisini na tisa...
tarakimu zote sita zikainuka pamoja
kama darasa mwalimu mkuu akiingia,
zikatetemeka,
zikaketi.

Tukaenda kilomita moja. Tatu. Tukafika njia panda ya Londiani.
Bado tatu, na tisa tano nyuma yake.
Tulikunywa soda zetu juu ya boneti yenye moto,
tukicheka hadi mchunga kondoo akatuhurumia.

Mukhwana anasema ni kigurudumu cha plastiki,
meno mawili yamekatika, kazi ya nusu saa.
"Nitengeneze?"
Nikamkumbuka yule wa nne kila mara.
"Iache," nikasema. "Angalia breki."

Jana Jelagat kaomba ufunguo akanunue maziwa.
Duka liko hatua mia moja kutoka langoni.
Alirudi baada ya saa nzima,
injini ikitikatika kwa joto, matope ya mbali kwenye matairi,
bila maziwa.
Niliinama nikachungulia dashibodi.
Haikuwa na ushahidi wowote.