Pumzi ya Jokofu

Punta Arenas, mwezi wa kumi.
Upepo wa hapa haubishi hodi,
huingia na mlango mkononi.
Shuleni wamepandisha bendera ya jua:
kijani, chezeni; njano, vaeni kofia;
leo nyekundu,
na mjukuu wangu Yanara amebandika pua dirishani
akiitazama bembea inavyojisukuma yenyewe.

"Nani alitoboa mbingu?"

Mimi ni binti wa Evaristo Barría, fundi friji.
Kabla ya kulehemu bomba alilegeza vali,
akaiacha gesi itoke
sssss
huku akitafuta kiberiti chake.
Haikunuka. Haikuwasha macho. Haikushika moto.
"Gesi ya kistaarabu," alisema.

Kumbe ustaarabu huo ndio uliyoipa umri:
kisichogombana na yeyote njiani
hufika mbali.
Ilipanda miaka, hadi kule jua lisikostahi kitu,
likaipasua, klorini ikatoka
kama mwizi aliyefunguliwa pingu.
Chembe moja huipokonya ozoni oksijeni,
huitupa kwa mpita njia,
hubaki mikono mitupu, huanza tena,
maelfu kwa maelfu, bila kupungua.
Usiku mrefu wa kusini huinolea kisu
katika mawingu ya barafu;
Septemba jua huchungulia tu,
kazi ikaanza.

Wenye viwanda walisema: leteni ushahidi.
Ukaletwa. Wakasema: huu mdogo.
Walipopata gesi nyingine ya kuuza
ushahidi ukakua ghafla.
Sicheki. Saini ni saini.
Kule Montreal walitia mkono
hata wasiosalimiana.

Baba alipewa mafunzo ya siku mbili,
cheti, na mashine ya kunyonya gesi.
Alirudi, akaketi karakanani bila kuwasha taa.
Sikio lake la kushoto, upande wa dirisha la lori,
lilikuwa na kidonda kisichopona.
Daktari hakusema ni jua.
Hakusema si jua.

"Linaziba," namwambia Yanara, "polepole, kama mfupa.
Ukiwa na mvi zangu, litakuwa limeziba."
"Sikuuliza hilo, bibi."

Nafungua friji, nammiminia maziwa.
Gesi iliyomo sasa haili ozoni;
ina kesi yake nyingine, ya joto.
Nafunga mlango.
Nyuma yake mashine inashtuka,
inaanza kunguruma.