Pacha wa Sekunde Moja

Oulu, Februari, mto umeganda unapitisha magari.
Ofisi ya pensheni, ghorofa ya tatu, saa nane usiku.
Tuulikki Hakkarainen amevua viatu vya manyoya,
soksi imetoboka kidoleni, wala hajali.
Mezani kahawa iliyopoa, nusu andazi la iliki,
na programu iliyochapwa, mkunjo juu ya mkunjo, hadi sakafuni.

"Raimo," aliniambia, "lugha hizi mbili hazisalimiani.
Hii inajua kujumlisha na kuzunguka.
Ile haijui kitu ila kuuliza.
Nami nimezilaza kitanda kimoja."

Akanionyesha kwa ncha ya penseli.
Katikati ya nathari kavu ya hesabu, ghafla:

          Nipe jina na kiasi, wajane wahesabiwe;
          ingia ndani upesi, daftari lifunuliwe;
          weka humu bila wasi, vikombe hivi vitiwe;
          yakikwisha yote, basi, sema mapema nijuwe.

Kisha nathari tena, kana kwamba hapakuwa na kitu.

Mkusanyaji, yule ageuzaye yote kuwa namba za mashine,
akiukuta ubeti huo atagoma.
Ndiyo maana mbele yake hupita mwingine,
mtangulizi.
Huyu hasomi hesabu zako.
Gawanya kwa sifuri ukitaka: atapita
kama jirani asiyependa kuitwa shahidi.
Anatafuta neno moja tu, la kufungua,
na hapumui mpaka aone la kufunga.
Ubeti haung'oi. Huulaza palepale,
huufunika nyota, ukawa maelezo tu,
na chini yake hujenga wito mrefu, mbaya wa sura,
namba tupu, koma tupu.

Halafu huzaa pacha.
Mmoja huenda kwa mkusanyaji.
Wa pili huenda kwenye hifadhidata, akasajiliwe.
Wote wawili hugongwa muhuri wa sekunde ileile,
na siku ya kukutana, mlangoni, huonyeshana mihuri.

Usiku ule mlango ulikataa.
Hasi mia nane kumi na nane, ilisema skrini,
na malipo ya watu elfu nne yakasimama.
Nilikuwa nimekagua kila kikombe.
Nilikuwa nimeusaka mstari wa elfu mbili mia tatu na kumi na sita
katika programu yenye mistari mia tisa.
"Huo si wako," alisema. "Huo kauandika mtangulizi."
Akamega andazi.
"Leo umemzalisha mara ngapi?"
Mara mbili, nikasema. Jioni nilirekebisha koma.
"Na wa pili umempeleka mara ngapi?"

Nikatazama dirisha. Dirisha lilikuwa barafu.

Hakunikaripia. Alivaa viatu, sijui kwa nini,
labda kazi ile haifanywi na mtu mwenye soksi mbovu,
akampeleka pacha aliyesahauliwa.
Saa kumi na dakika arobaini printa ikakohoa:
Karppinen, Aune. Kemijärvi.
Lämsä, Helvi. Pudasjärvi.
Jina, kiasi. Jina, kiasi.
Hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba alikuwa amechelewa.

Mashine ile waliiuza vyuma chakavu. Programu haijafa.
Wavulana wapya huniuliza kwa nini tusiiandike upya,
nami huwaambia leteni bajeti,
wakacheka, tukaendelea.

Miaka kumi na mmoja baada ya usiku ule, zamu yangu,
lilitoka katikati ya herufi H, baina ya Haapala na Halonen:
Hakkarainen, Tuulikki. Oulu.
Sikuwa nimesikia kwamba Eino amefariki.

Nikaifungua ile faili ambayo mkusanyaji huisoma.
Chini ya nyota, ubeti wake umelala vilevile,
mashine inauruka kila usiku,
na koma yangu imo.
Nikaulinganisha muhuri na wa pacha mwenzake, sekunde kwa sekunde,
ingawa hakuna aliyelalamika.